Kutafsiri “get” kwa Kireno: kosa linaanzia kwenye “kupata”

Swali

Msomaji wetu mmoja, anayefanya kazi ya kutafsiri mkoani Mtwara, ametuandikia hivi: “Shikamoo Mwalimu. Nimejifunza Kireno kwa miaka mitatu, na sasa ninatafsiri vipeperushi vya afya na barua za ofisi kutoka Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa Msumbiji. Mhakiki wetu aliyeko ng’ambo ya Ruvuma amenirudishia kazi, na karibu kila nilipoandika ‘obter’ amepiga mstari. Niliandika ‘obter’ kwa sababu Kiingereza kilisema ‘get’, na kamusi yangu inaanza na neno hilo. Je, liko neno moja la Kireno linaloweza kusimama mahali pa ‘get’? Kama haliko, nitajuaje lipi nitumie bila kubahatisha?” Ameambatanisha sentensi tano zilizomtatiza, nami nitazitaja zote humu, kila moja mahali pake.

Jibu

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kazi iliyorudi. Neno moja la Kireno linaloweza kukaa popote “get” inapokaa halipo, na hata ungekuwa na kamusi kubwa mara tatu ya hiyo uliyo nayo usingelikuta. Lakini nimezisoma sentensi zako kwa makini, na ninavyoona mimi, kosa lako halikuanzia kwenye Kireno. Limeanzia kwenye Kiswahili, kabla hujashika kalamu. Uliona “get”, moyo ukakwambia “pata”, kisha ukaenda kutafuta Kireno cha “pata”. Na “kupata” kwetu ni kupana karibu sawa na “get” ya Waingereza: tunapata barua, tunapata homa, tunapata ajali, tunapata mtoto, tunapata usingizi, tunapata nafuu, tunapata hasara. Mtafsiri anapoupitisha upana wa lugha moja kwenye upana wa lugha nyingine, hatambui kwamba hajaamua lolote kuhusu maana, na uamuzi ule aliouruka unamngoja kwenye Kireno, ambako hakuna neno pana la kujificha nyuma yake.

Tuanze na “obter” yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokuponza. Asili yake ni Kilatini, na shina lake ndilo lililozaa pia “ter”, yaani kuwa na kitu. Kitenzi hiki humhusu mtu aliyekitaka kitu, akakifuatilia kwa njia inayotambulika, akakishika: “obter um visto” (viza), “obter autorização” (kibali), “obter bons resultados” (matokeo mazuri). Ni kitenzi cha ofisini, cha maabara na cha hati za serikali, na huko kinafaa kabisa. Sasa tazama sentensi yako ya kwanza. Kiingereza kilisema “patients who get malaria”, nawe ukaandika “os doentes que obtêm malária”. Msomaji wa Kireno akilisoma hilo anaona wagonjwa waliopeleka maombi ya malaria wakakubaliwa. Katika maandishi ya kitaalamu ungesema “que contraem malária”, na katika lugha ya kila siku “que apanham malária”. Kwa kuwa kipeperushi chako kitasomwa na mama aliyembeba mtoto mwenye homa mgongoni, mimi ningechagua “apanham” bila kusita.

Kitenzi “get” kiliingia katika Kiingereza katika zama za kati kutokana na Kinorsi cha Kale, lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza, na maana yake ya awali ilikuwa kufikia au kushika kitu. Kuanzia hapo kimepanuka hadi kikawa kitenzi cha badiliko lolote lile. Kwa hiyo kuuliza “get” maana yake nini hakutakusaidia sana. Uliza ni nini kilichobadilika ndani ya sentensi. Pengine kitu kimetoka mkono mmoja kwenda mwingine, pengine mtu ametoka mahali fulani kwenda pengine, pengine mtu huyohuyo amebaki palepale lakini hali yake imegeuka, au pengine mtu mmoja amemfanya mwingine atende. Na ili usijidanganye kwamba umejibu, mimi huwapa wanafunzi wangu sharti moja: iseme sentensi hiyo kwa Kiswahili kizuri bila kutumia neno “pata”. Ukiweza, Kireno chako kiko karibu kupatikana, kwa sababu katika mambo mengi ambayo Kiingereza huyatupia “get”, Kiswahili na Kireno vyote viwili vina vitenzi maalumu, na mara nyingi mipaka ya vitenzi hivyo hupita mahali palepale.

Sentensi yako ya pili inalionyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote ambao ningeweza kuutunga: “If you get a fever, get to the health centre and get tested before you get worse.” Ndani yake mna “get” nne, na hakuna mbili zinazofanana. Iseme kwanza kwa Kiswahili bila “pata”: ukiwa na homa, nenda kituo cha afya ukapime kabla hujazidiwa. Sasa angalia Kireno: “Se tiver febre, vá ao centro de saúde e faça o teste antes de piorar.” “Get” ya kwanza imekuwa “ter”, kuwa na; ya pili imekuwa “ir”, kwenda; ya tatu imekuwa “fazer o teste”, na ya nne imekuwa “piorar”, ambayo ni kuzidiwa kwetu. Hakuna hata moja iliyodai “obter”. Zingatia hasa ile ya tatu. Kiingereza husema mtu “hupimwa”, kwa kuwa mpimaji ni mwingine, lakini Mswahili husema “nimekwenda kupima”, na Mreno naye husema “fui fazer o teste”, wote wakimhesabu mgonjwa kuwa ndiye mtendaji. Ungefuata Kiswahili chako badala ya kamusi ungeifikia mwenyewe. Na hiyo “tiver” si kosa la chapa. Ndiyo “futuro do conjuntivo”, ambayo Kireno huitumia baada ya “se” (kama) na “quando” (wakati) kwa mambo ambayo bado hayajatokea, kama vile sisi tunavyotumia “-ki-” ndani ya “ukiwa”.

Pale ambapo kitu kweli kimebadilisha mkono, uchaguzi unategemea ni nani aliyetia juhudi. Kama kitu kimekujia tu, ni “receber”: “recebi uma carta”, nimepokea barua. Kama umelipa, sema “comprar”, kwa maana Mwingereza akisema “I got a new phone” mara nyingi amenunua, na Kireno hakioni aibu kulitaja hilo waziwazi. Kama umekwenda kukichukua mahali ukarudi nacho, ni “ir buscar”: “fui buscar as crianças à escola”, nimekwenda kuwachukua watoto shuleni. Na kama unamwomba aliye karibu na jikoni akuletee, ni “trazer”: “traz-me um copo de água”. Hiyo “copo”, kwa njia, ndiyo mama wa “kopo” letu, ingawa kwa Wareno ni bilauri ya kunywea na kwetu imeishia kuwa chombo cha bati; nakutajia ili usije ukaandika “copo” pale ambapo Kiingereza kinazungumzia kopo la maziwa ya unga, ambalo kwa Kireno ni “lata”.

Kitenzi kinachostahili kukaa nacho kwa muda mrefu hapa ni “conseguir”. Asili yake katika Kilatini ni kufuata jambo mpaka ulifikie, na harufu ya kufuatilia haijakitoka hadi leo. “Consegui um emprego” si kwamba nimepewa kazi tu. Ni kwamba nimehangaika na hatimaye nimeipata. Kwa hiyo “conseguir” inabeba kile ambacho sisi tunakisema kwa sauti zaidi kuliko kwa neno, tunapoivuta “nimepaata!”. Tena ina kazi ya pili ambayo wanafunzi wengi huichelewa: hufuatwa na kitenzi kingine moja kwa moja, bila kihusishi chochote katikati, ikawa na maana ya kufaulu au kumudu kufanya. “Consegui abrir a porta”, nimefaulu kuufungua mlango. “Não consegui dormir”, sikupata usingizi. Unaona jinsi “kupata usingizi” kulivyo si kupata kitu bali kumudu tendo? Mtu aliyeandika “não obtive sono” amefuata umbo la Kiswahili na kuiacha maana yake.

Karibu na “conseguir” yupo ndugu yake wa mtaani, “arranjar”, ambaye utamsikia sana Ureno na Msumbiji: “arranjar emprego”, “arranjar dinheiro”, kutafuta kwa namna yoyote ile mpaka kikapatikana. Katika mazungumzo ni neno zuri, lakini katika barua ya ofisi halikai vizuri, na upande wa Ureno lina maana nyingine ya kutengeneza kilichoharibika. Brazili husema pia “arrumar emprego”. Liache lipumzike mpaka utakapolisikia mara nyingi kutoka kwa wenyewe.

Sasa nije kwenye eneo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye utajiri mkubwa kuliko yote, nalo ni badiliko la hali. Kiingereza hapa hakina subira: huchukua “get” na kuibandika mbele ya sifa yoyote, “get old”, “get rich”, “get thin”, “get cold”, “get tired”, “get lost”. Kiswahili hakifanyi hivyo. Tuna kuzeeka, kutajirika, kukonda, kupoa, kuchoka na kupotea, kila hali na kitenzi chake kinachobeba badiliko ndani ya mwili wake. Kireno nacho ni hivyohivyo. Kina ukoo mzima wa vitenzi vinavyoishia na “-ecer”: “envelhecer” ni kuzeeka, “enriquecer” ni kutajirika, “emagrecer” ni kukonda, “arrefecer” ni kupoa, “adoecer” ni kuugua, “amadurecer” ni kuiva, “apodrecer” ni kuoza. Kina pia ukoo wa vitenzi jirejeshi, vyenye kile kijineno “se”: “cansar-se”, kuchoka, “perder-se”, kupotea, “molhar-se”, kulowa, “zangar-se”, kukasirika, “sujar-se”, kuchafuka, “magoar-se”, kuumia, “habituar-se”, kuzoea. Mzungumzaji wa Kiingereza anayejifunza Kireno hulazimika kuzoea fikra mpya kabisa kabla ya kuvitumia vitenzi hivi kwa urahisi, lakini wewe fikra hiyo umeinyonya kwa mama yako. Kilichobaki kwako ni msamiati tu, na ningekushauri ujiandalie daftari ambalo upande wa kushoto una vitenzi vya Kiswahili, si vya Kiingereza.

Pale ambapo hakuna kitenzi maalumu, au msemaji hataki kukitumia, Kireno humwita “ficar”. Maana ya msingi ya kitenzi hiki ni kubaki, na ndiyo maana hutumika hata kwa kueleza mahali kitu kilipo: “o banco fica na esquina”, benki iko pale kwenye kona. Kutokana na kubaki kikazaa maana ya kuingia katika hali fulani na kukaa humo: “ficou doente”, akaugua, “ficou calado”, akanyamaza, “ficou espantado”, akabaki ameduwaa. Tafsiri hiyo ya mwisho naipenda, kwa sababu Kiswahili chenyewe kimetumia “kubaki” kwa kazi ileile. Na hali inapotajwa kwa nomino badala ya sifa, “ficar” huongezewa “com”: “fiquei com fome”, nikashikwa na njaa; “ficou com medo”, akaingiwa na hofu. Lakini “ficar” haifai kwa badiliko la cheo au la utambulisho. Mtu akiwa rais au mwandishi, ni “tornar-se”: “tornou-se escritor”. Jaribio langu la haraka ni kujiuliza kama Kiswahili kingesema “akawa” ikifuatwa na nomino ya mtu. Kama ndivyo, ninakwenda kwenye “tornar-se”.

Hapa ndipo ningependa utulie zaidi, kwa sababu kuna jambo ambalo Mswahili analiona wazi kuliko wengine. Kiingereza husema “the glass got broken” na kukuacha hujui kama kuna aliyeivunja. Kiswahili hakikuruhusu kuacha hilo wazi: ama bilauri ilivunjwa, na yupo mvunjaji hata kama hatajwi, ama ilivunjika, na hatumfikirii mtu yeyote. Kireno nacho hutenganisha. “O copo foi partido” ni ilivunjwa. “O copo partiu-se” ni ilivunjika. Na “o copo ficou partido” ni ikabaki imevunjika, jicho likiwa kwenye matokeo. Kwa hiyo kauli yetu ya kutendwa, yenye “-wa”, hukaribiana na “ser” pamoja na neno la kitendo kilichokamilika, na kauli yetu ya kutendeka, yenye “-ka”, hukaribiana na “se”, na wakati mwingine na “ficar”. Ukiwa na mashaka mbele ya “got” ya namna hii, jiulize ungeweka “-wa” au “-ka”, na nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Nasema nusu, kwa kuwa mazoea yetu hayalingani na yao kila mahali. Katika habari za ajali magazeti yetu huandika kwamba watu watatu “walijeruhiwa”, ingawa hakuna aliyewashambulia. Gazeti la Kireno litaandika “três pessoas ficaram feridas”. Ukiandika “foram feridas”, msomaji ataanza kumtafuta aliyewajeruhi. Vivyo hivyo sisi husema “nimeibiwa simu”, tukimweka mwenye simu kuwa kiima na simu yenyewe ikabaki shamirisho. Kireno hakikubali umbo hilo. “Fui roubado” peke yake ni sawa, lakini simu ikitajwa sentensi hugeuka na kuwa “roubaram-me o telefone”, wameniibia simu, bila kusema hao walioiba ni kina nani. Kwa upande wa kufukuzwa kazi hakuna tatizo: “foi despedido” kwa Ureno na Msumbiji, “foi demitido” kwa Brazili.

Kumfanya mwingine atende ni eneo jingine ambalo Kiswahili kinakubeba. Mwingereza aliyepeleka kitambaa kwa fundi husema “I got a suit made”. Wewe unasema nimeshonesha suti. Mreno husema “mandei fazer um fato”, niliagiza kufanywa, na Mbrazili “mandei fazer um terno”. “Mandar” ikifuatwa na kitenzi ni “-esha” yetu ya kuagiza kazi. Kwa nywele, hata hivyo, lugha zote mbili hazijali kumtaja kinyozi: sisi husema “nimenyoa”, nao husema “cortei o cabelo”, na hakuna anayedhani mtu amejikata mwenyewe mbele ya kioo. Lakini sentensi yako ya tatu, “The nurse got him to take the medicine”, si ya kuagiza fundi. Ni ya kushawishi mtu mwenye hiari yake. Ukiandika “mandou-o tomar o remédio” umemfanya muuguzi atoe amri, na huenda mgonjwa hakutii. Kiingereza kinasema alifaulu. Kwa hiyo ni “a enfermeira conseguiu que ele tomasse o remédio”, au, kama maandishi yanaonyesha kwamba alimbembeleza, “convenceu-o a tomar o remédio”. Ile “tomasse” imekuja kwa sababu “conseguir que” hudai dhamira tegemezi, kama vile Kiswahili kinavyodai “atumie” baada ya “kumshawishi”.

Sentensi yako ya nne ndiyo iliyonigusa binafsi. Kiingereza kilisema “We’ve got your report”, nawe ukaandika “temos obtido o seu relatório”. Katika miaka yangu ya mwanzo niliwahi kuiandikia ofisi moja “tenho recebido a sua carta”, na jibu likaja likiniuliza kwa upole ni barua ngapi nilizopokea, kwa maana wao walituma moja tu. Niliumia, lakini nililielewa jambo ambalo darasani lilinipita. Umbo la Kireno lenye “ter” na kitendo kilichokamilika linafanana kwa sura na lile la Kiingereza, na Mswahili hulikimbilia upesi kwa sababu anayo “-me-” yake: nimepokea, kwa hiyo “tenho recebido”. Lakini maana yake si “nimepokea”. Ni “nimekuwa nikipokea”, tendo linalojirudia tangu siku za karibuni hadi sasa. “-Me-” yetu, mara nyingi, ni wakati uliopita wa kawaida wa Kireno ukisaidiwa na “já”. Barua yako iseme “já recebemos o seu relatório”, na itakuwa imekaa sawasawa.

Na usiichanganye hiyo na “have got” ya kumiliki, ambayo haina habari ya kupokea kabisa. “I’ve got two children” ni “tenho dois filhos”, na “I’ve got to go” ni “tenho de ir” au “tenho que ir”. Huku “get” ni pambo la Kiingereza lisilo na uzito, na katika Kireno huanguka.

Kuhusu mwendo nitapita haraka, maana hapa kamusi yako inatosha. Kufika ni “chegar”, kuingia “entrar”, kutoka “sair”, kushuka kwenye gari “descer”, kurudi “voltar”, kuamka “levantar-se”. Vijineno vinavyofuata “get” ndivyo vinavyobeba maana, na Kireno huviyeyusha ndani ya kitenzi kama Kiswahili kinavyofanya. Nitasimama kidogo tu kwenye kupanda basi, kwa sababu hapo lazima ujue unamwandikia nani. Ureno husema “apanhar o autocarro”, Brazili “pegar o ônibus”, na mtu wa Maputo anayekwenda kupanda daladala yao husema “apanhar o chapa”. Msumbiji kwa kawaida hufuata kanuni za Kireno cha Ulaya, kwa hiyo ukitumia programu ya tafsiri iliyolishwa maandishi mengi ya Brazili, “pegar” itajipenyeza katika kazi yako bila wewe kujua, na mhakiki wako ataiona mara moja. “Apanhar” nayo ina kona yake: ikisimama peke yake, bila kitu kinachoifuata, humaanisha kula kichapo. “O menino apanhou” ni mtoto amechapwa, hajapanda kitu wala kuokota kitu. Na mafua, ambayo Ureno huyaita “constipação”, yanahitaji uangalifu wa mtu wa vipeperushi vya afya kama wewe, kwa sababu neno la Kiingereza linalofanana nalo kwa sura ni la kufunga choo, ambalo kwa Kireno ni “prisão de ventre”. Kipeperushi kilichochanganya hayo mawili kinaweza kumpeleka mgonjwa kwenye dawa isiyo yake.

“Get” ya kuelewa nayo hugawanyika kwa nchi. Ureno na Msumbiji watakuuliza “percebeste?”, umeelewa? Brazili watasema “entendeu?”, na kwao “perceber” ni kutambua au kung’amua jambo. “Entender” inaeleweka kote, kwa hiyo katika maandishi yatakayosambazwa nchi zaidi ya moja ningeitumia hiyo.

Imebaki sentensi yako ya tano, na nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo nzuri kuliko zote: “He never got to meet his grandchildren.” Uliandika “nunca obteve conhecer os seus netos”, na hapo hata sarufi imekataa, kwa kuwa “obter” haifuatwi na kitenzi. Ondoa “pata” kichwani, ujiulize Mswahili angesema nini msibani. Angesema hakuwahi kuwaona wajukuu zake, au hakujaliwa kuwaona. Ndani ya “hakuwahi” mna habari ya muda: ilikuwepo nafasi ambayo ingeweza kufika, haikufika. Kireno kina umbo linalobeba habari hiyohiyo, nalo ni “chegar a” ikifuatwa na kitenzi, yaani kufikia kufanya. “Chegou a ser ministro”, alifikia hata kuwa waziri. “Não chegou a falar”, hakuwahi kusema. Usitumie “conseguir” hapa, kwa maana ungesema kwamba mzee alijitahidi akashindwa, na Kiingereza hakikusema hivyo. “Ter oportunidade de”, yaani kuwa na nafasi ya kufanya jambo, haina kosa, ila ni baridi, ni ya ripoti. Hata “seus” ninaiondoa, kwa kuwa Kireno hakihitaji kueleza wajukuu ni wa nani pale inapokuwa dhahiri. Mpelekee mhakiki wako sentensi hii: “Nunca chegou a conhecer os netos.”